Zafarani na Hiliki: kisa cha mijusi-chui wawili katika kasha moja, Kibokoni

Mama mmoja wa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, alinipigia simu Ijumaa moja mwishoni mwa Juni. Mwanawe wa miaka 15, niliyemfundisha sayansi alipokuwa shule ya msingi, alikuwa amewaweka mijusi wake wawili katika kasha moja, na mmoja wao alikuwa anakonda. "Hawapigani, mwalimu," aliniambia. "Wanalala wamepandana kama ndugu. Lakini huyu mdogo anapukutika. Njoo utazame, maana kijana mwenyewe halali."

Nilikwenda jioni ile ile. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ni kigumu kuliko vingine vya aina yake: majike wawili, hakuna jeraha, hakuna mkia uliokatika, na mwenyewe anawapenda wote. Mtu akiniuliza kuhusu madume wawili, namwambia awatenge leo kabla ya Magharibi, kwa sababu watapigana. Dume na jike nako hakuna mjadala mrefu. Dume humwandama jike bila kumpa nafasi ya kupumzika, na jike hutaga mayai mawili mawili, mara kadhaa kwa msimu, kila yai likichota kalsiamu ya mwili wake. Majike wawili ndio wanaoleta ubishi, kwa kuwa wapo wafugaji waliowaweka pamoja miaka mingi bila tatizo lililoonekana.

Kwa asiyemjua, mjusi-chui ni tofauti na mjusi kafiri wa ukutani. Ana kope, na akilala hufumba macho. Vidole vyake havina vile vibandiko vya kutambalia dari, kwa hiyo maisha yake yote ni ya chini. Mkia wake ni mnene kwa sababu humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Kwao ni nchi kavu yenye mawe: Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Edward Blyth ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1854, na leo anaitwa Eublepharis macularius. Mkubwa hufika sentimita 20 hadi 25, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 na kuendelea. Nikiufikiria urefu wa umri huo, ulimi wangu huwa mzito kusema "jaribu uone".

Kabla ya kumgusa mnyama niliomba kuona vibali vya kuwafuga, kama ninavyofanya kila nyumba. Vilikuwapo. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na asiye na karatasi aanze huko kabla ya kuniuliza lolote jingine.

Mkubwa anaitwa Zafarani, kwa rangi yake. Alikuwa na miaka 6, mitatu kati ya hiyo akiwa na kijana huyu. Mdogo ni Hiliki, wa miaka 3 hivi, na alikuwa wa binamu yake aliyeondoka mwishoni mwa Mei kwenda masomoni Uingereza. Binamu aliuza kasha lake, akamwacha Hiliki na mkeka wake mdogo wa joto kwa sharti moja: asikae peke yake. Jioni ile ile aliyofikishwa, Hiliki alitiwa ndani ya kasha la Zafarani.

Nyumba ni ya zamani, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na chumba cha kijana kiko ghorofa ya pili juu ya kichochoro. Kasha lilikuwa la kioo, sentimita 90 kwa 45. Chini ya upande mmoja mlikuwa na mkeka wa joto, na juu ya joto pango moja. Upande wa baridi pango jingine. Kisha kikopo chenye makumbi yaliyolowekwa, ambamo mjusi huingia anapotaka kubambua ngozi, sahani moja ya maji na sahani moja ya chakula. Lilikuwa kasha zuri sana, la mjusi mmoja.

Kijana alikuwa amefanya jambo moja lililorahisisha kazi yangu yote: kila Ijumaa baada ya swala aliwapima kwa mizani ya jikoni na kuandika. Alinionyesha daftari huku ameinamisha kichwa. Zafarani alianza na gramu 68, wiki iliyofuata 68, kisha 69, 70, na siku ile 71. Hiliki aliingia na 52, akashuka 50, 47, 45, na siku ile 44. Gramu nane si kitu mkononi mwa mtu, lakini kwa Hiliki ni zaidi ya asilimia 15 ya mwili wake katika wiki nne. Kijana alizisoma namba hizo kila wiki akajiambia bado anazoea mahali pageni. Wengi husema hivyo, na wiki ya kwanza ni kweli. Wiki ya nne si kweli tena.

Nilimuuliza anawalishaje. Kila usiku, alisema, alitia viwavi vya unga kumi na wawili kwenye sahani, akavipaka unga wa kalsiamu, na asubuhi sahani ilikuwa tupu. Kalsiamu hiyo aliitengeneza mwenyewe, kwa mifupa ya dome (jamii ya ngisi) aliyoiokota ufukweni, akailoweka siku kadhaa kutoa chumvi, akaianika na kuitwanga. Nilifurahi kuona kijana anayejua kutumia kilichopo. Lakini sahani tupu haisemi nani kala. Nikimlinganisha Zafarani aliyepanda gramu tatu na Hiliki aliyeshuka nane, ni kama sahani yenyewe ilikuwa inanijibu.

Aliyenipa ushahidi mzito zaidi ni nyanya yake. Yeye hakuwapenda wanyama hawa tangu siku ya kwanza. Kwake mjusi ni mjusi, na amekua akisikia kwamba mjusi kafiri alipuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahimu. Hata hivyo alikuwa amekaa mlangoni akitusikiliza, na nilipouliza kama kuna yeyote anayewaona usiku wa manane, akajibu yeye.

"Mimi huamka saa tisa kwa tahajudi, mwanangu, na napita hapa kwenda kutia udhu. Yule mkubwa huwa yuko nje, anazunguka zunguka. Huyu mdogo hatoki. Hungoja mpaka mwenzake aingie, na hapo adhana iko karibu. Ndipo hutoka, akalamba maji, akarudi mbio. Kila siku hivyo hivyo."

Mjusi-chui huanza pirika zake jua likizama na huendelea usiku. Anayengoja hadi Alfajiri ndipo atoke ana saa moja badala ya usiku kucha: saa moja ya kula, kunywa na kujipasha joto. Kijana alilala saa nne na kuamka saa kumi na mbili, kwa hiyo alichokiona siku zote ni mijusi wawili waliopandana pangoni, wametulia. Nyanya ndiye aliyekuwa macho wakati wao wako macho.

Nilimtoa Hiliki nikamweka kwenye kiganja. Mkia ulikuwa umesinyaa, ngozi yake imeanza kujikunja pembeni, na mifupa ya nyonga ilihesabika. Kwenye vidole viwili vya mguu wa nyuma ngozi ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kama uzi. Hilo lilinishtua kuliko uzito. Mombasa hewa yetu ina maji, lakini ndani ya kasha lenye joto hukauka, na mjusi anahitaji lile pango la makumbi mabichi. Ngozi ikikaa vidoleni hukaza, huzuia damu, na kidole hukatika. Kwa nini hakulitumia pango la unyevu? Kijana alifikiri kidogo, akasema, "Mchana Zafarani hulala humo mara nyingi."

Hapa ndipo penye mtego, na ninaomba msomaji atulie nami. Kila kitu kilikuwa kinaelekeza kidole kwa Zafarani, na ni rahisi kufunga kesi mapema. Lakini mjusi hukonda kwa sababu nyingi. Jike anaweza kutengeneza mayai hata kama hajawahi kuona dume, na akikaribia kutaga huacha kula. Nikamulika tumbo la Hiliki kwa tochi ya simu: mayai huonekana kama vivimbe viwili vya duara, na hayakuwapo. Minyoo nayo hukondesha. Vivyo hivyo kriptosporidiamu, kimelea cha tumboni ambacho kwa mijusi hawa kina sifa mbaya kabisa, kwani huukausha mkia ukabaki kama kijiti na hakina dawa ya kutegemewa. Tena inawezekana hata jinsia imekosewa, kwa hiyo nilimkagua kila mmoja. Dume ana safu ya vitundu vyenye nta, yenye umbo la V, mbele ya tundu la haja, na vivimbe viwili chini ya shina la mkia. Wote wawili walikuwa majike.

Kosa kubwa zaidi la nyumba ile, kwa maoni yangu, halikuwa kuwaweka pamoja. Kosa lilikuwa kuwaweka pamoja usiku wa kwanza. Mnyama mgeni anastahili kukaa chumba kingine, na vyombo vyake mwenyewe, siku 30 kwa uchache na miezi mitatu ikiwezekana, kinyesi chake kikapimwa kabla hajakaribiana na mwenyeji. Kama Hiliki angekuja na kriptosporidiamu, tusingekuwa tunajadili uzito wa mmoja. Tungekuwa tunawalilia wawili.

Kwa hiyo usiku ule tulifanya jambo moja tu. Mama alitoa sanduku la plastiki la kuwekea mashuka, tukalitoboa matundu pande zote, tukatia ule mkeka mdogo wa joto pamoja na kidhibiti joto nilichokuja nacho, pango la joto, pango la baridi, kikopo cha makumbi na maji. Sakafu ya pango la joto tuliiweka digrii 32. Chakula kilikuwa kile kile, cha idadi ile ile, kwa saa ile ile. Nilimsihi kijana asiongeze vitamini, asibadilishe wadudu, asimshikeshike. Tukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na mjusi akapona, hatutajua kilichomponya. Kinyesi cha wote wawili kilikwenda kwa daktari wa mifugo Jumatatu.

Kabla sijaondoka kijana aliniuliza lililokuwa likimkereketa. "Mwalimu, kama Zafarani hamtaki, mbona wanalala wamekumbatiana?"

Nikamwambia aweke mkono kwenye kioo upande wa baridi. Ulikuwa msimu wa kusi, na kuta zile za matumbawe hutunza ubaridi. Kipimajoto kilisoma 24. Mjusi hana joto lake mwenyewe, na chakula hakisagiki mpaka tumbo lipate joto kutoka chini. Katika kasha lote palikuwa na pango moja lenye joto. Wote walilihitaji, wote wakaingia, na mwenye nguvu akalala juu. Kwa macho yetu ni kukumbatiana, maana sisi watu tukilala hivyo ni kwa mapenzi. Kwao ni kugombea joto kimya kimya. Tena anayelala juu ya mwenzake amemkalia; wa chini akitaka kutoka, ni mpaka wa juu atake. Kijana hakusema kitu kwa muda mrefu.

Usiku wa kwanza na wa pili Hiliki hakula. Usiku wa tatu alikula viwavi vinne, na wa sita vyote tulivyomwekea. Ijumaa ya kwanza uzito ulisimama palepale, 44. Ya pili ukawa 45, ya nne 47. Ngozi ya vidoleni ililainika kwa maji ya uvuguvugu, ikatoka kwa kijiti cha pamba bila kuvutwa, na vidole vyote vipo. Majibu ya daktari yalikuja na mayai machache ya minyoo kwa wote wawili. Hilo lilikuwa na maana yake: kama minyoo ile ndiyo iliyomkondesha Hiliki, ingemgusa na Zafarani, naye alikuwa ananenepa. Kriptosporidiamu haikuonekana, ingawa nilimwambia mama kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu kimelea hicho hakitoki kwenye kinyesi kila siku. Tulirudia Agosti, tukapata jibu lile lile.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa kwa Zafarani. Nilidhani yeye ndiye aliyekuwa akifaidi. Baada ya wiki mbili hivi za kuwa peke yake, kijana aliniambia hazunguki tena kasha zima usiku kucha kama zamani. Hutoka, hula, hupanda jiwe lake, hutulia. Kule kuzunguka alikokuona nyanya huenda kulikuwa ni kulinda. Mwenye kulinda naye hapumziki.

Agosti ndipo ulipofika uamuzi wenyewe. Hiliki alikuwa 51, amependeza, na kijana alikuja na mpango alioufikiria kwa makini: kasha kubwa zaidi, na kila kitu viwili viwili. Mapango mawili ya joto, mawili ya baridi, vikopo viwili vya makumbi, sahani mbili, kila mmoja alishwe kwa koleo mbele ya macho yake. Alikuwa amechora hata ramani. Sharti la binamu lilikuwa linamlemea, na mama yake alimuunga mkono kwa sababu ambayo siwezi kuidharau. "Nyumba hii," alisema, "hatujawahi kumwacha mtu akae peke yake. Hata mgonjwa halazwi chumba cha peke yake. Inaniuma kuona kiumbe amefungwa mwenyewe."

Nilimjibu kwa kinachojulikana juu ya mnyama mwenyewe. Kweli porini mijusi-chui hukutwa wakati mwingine katika ufa mmoja wa jiwe, zaidi ya mmoja. Lakini ufa ule una njia ya kutokea, na anayebughudhiwa huondoka, hata kama ni kwenda ufa wa pili hatua kumi mbele. Hawalishani, hawalei watoto, hawalindani dhidi ya adui. Hakuna kazi ambayo mmoja humfanyia mwenzake ikamfanya amkose akiwa hayupo. Upweke tunaouona pale ndani ya kioo tumeutia sisi.

Kuna na jambo la tabia ya mtu binafsi. Kwa mijusi hawa, joto la yai huamua jinsia: digrii 26 hutoa karibu majike watupu, 32 na nusu hutoa madume wengi, na ukipanda hadi 34 hivi majike hurudi. Mwaka 1988 William Gutzke na David Crews walichapisha katika jarida la Nature kwamba majike waliotoka kwenye joto la juu huwa wakali zaidi kuliko wa joto la chini. Zafarani aliangulika wapi, kwa joto gani? Hakuna aliyeandika. Kwa hiyo mtu anaposema "majike hawapigani", anasema juu ya majike aliowaona yeye.

Je, ule mpango wa viwili viwili ungefaulu? Ungepunguza kugombana, hilo nakubali, na kama ningekutana na mfugaji mzoefu aliyezoea kupima wanyama wake kila wiki nisingemwita mkatili. Lakini mpango ule ule, ukiufuata kwa uaminifu, unadai sanduku la tatu pembeni, lenye joto lake na mapango yake, limeandaliwa kila siku ya Mungu, kwa sababu siku watakapoumana hutakuwa na usiku wa kwenda kutafuta fundi. Nilimwomba kijana aliongeze sanduku hilo kwenye ramani yake. Akalichora. Akalitazama. Kisha akasema mwenyewe, "Basi kama lazima niwe na la pili tayari, si Hiliki akae humo tu?"

Hoja ya gharama ndiyo inayowafunga wengi, nami niliifanyia hesabu na mama yake mezani. Mkeka wa joto wa wati 16 ukiwaka saa 24 bila kuzimika hula uniti 0.38, chini ya uniti 12 kwa mwezi. Ukiwa na kidhibiti joto huzimika mara nyingi, na hapa kwetu, ambapo usiku wa kusi wenyewe hushuka mpaka digrii 20 hivi tu, huzimika zaidi kuliko nchi za baridi ambako vitabu vingi vya mijusi vimeandikiwa. Kasha la Hiliki lilitengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa mbao za kabati kuukuu, kioo mbele na wavu juu na pembeni ili hewa yetu nzito ipite. Halikosi joto, na halitoi harufu ya ukungu.

Binamu aliambiwa kwa ujumbe wa sauti. Kijana alimsomea namba zote, tangu 52 hadi 44 hadi 51, bila kujitetea. Jibu lilirudi usiku huo: asante kwa kumtazama, na mtenge.

Makasha yako ukuta mmoja, na kati yake kuna ubao, wasionane. Kila moja lina koleo lake na sahani zake. Mwishoni mwa Septemba nilipita kuwapima: Zafarani 69, Hiliki 55, uzito ambao hakuwahi kuwa nao tangu afike. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, tasbihi mkononi. Nilimuuliza kama bado anawaona usiku.

"Nawaona," akasema. "Huyu mdogo siku hizi hangoji adhana."